Mraba wa Maneno: Kwa Herufi au kwa Mizani?

Wasomaji wengi wa gazeti hili wamekwisha kuuona ule mraba wa vyumba vyeupe na vyeusi, ambao magazeti huuchapa katika kurasa za nyuma, na kando yake maswali, ili msomaji atie herufi moja katika kila chumba, maneno mengine yakilala na mengine yakisimama. Wengi huuita chemsha bongo. Mtu huujaza akingoja gari, kisha gazeti hufungiwa karanga. Mimi leo nataka kuutazama kama tunavyotazama shairi au hadithi, yaani kuuliza kama umetungwa vema au vibaya, na ugumu wake ni ugumu wa namna gani. Nina sababu: tangu masika nina mabishano na mwalimu mwenzangu kwa jambo hili, na mabishano yenyewe yamekuwa makubwa kuliko mraba.

Chanzo chake ni kitabu. Mwenzangu aliachiwa na mgeni mmoja kitabu cha miraba ya Kiingereza, si ile ya kuuliza mji mkuu wa nchi fulani ni upi, bali ile ya mafumbo, ambayo Waingereza wenyewe huiogopa. Hapa Mtinko jioni ni ndefu mtu akiisha kusahihisha madaftari. Basi tulikaa nacho jioni tisa, sisi wawili, na kamusi mbili katikati yetu. Katika mraba wa kwanza tulijaza maneno manne, na moja katika hayo manne tukalifuta siku ya kumi.

Kwanza yafaa nieleze fumbo la namna hii limejengwaje, maana asiyejua atadhani ni maneno ya wazimu. Kila dokezo lina sehemu mbili zilizoshonwa pamoja hata mshono usionekane. Sehemu moja ni maana ya jibu, kama ilivyo katika kamusi. Sehemu ya pili ni mchezo juu ya neno lenyewe: limepinduliwa, au limekatwa, au limefichwa ndani ya neno jingine, au herufi zake zimekorogwa. Juu ya yote mawili hutandikwa sentensi yenye sura ya kawaida, ili msomaji aione picha na asione mshono. Nitatoa mfano wa Kiswahili nilioutunga mwenyewe: "Shangazi ameficha mbingu." Msomaji humwona shangazi wake, mama wa watu, na kanga yake. Lakini hapana shangazi hapa. Pana herufi za neno lake tu, na ndani yake, ukiacha mbili za mwanzo na mbili za mwisho, limelala neno "anga". Maana ya jibu ni "mbingu", na neno "ameficha" ndilo linalokuambia ulitafute wapi. Hakuna neno la bure katika sentensi hiyo, na hakuna la uongo.

Mchezo huu si wa zamani sana. Mraba wa kwanza ulichapwa na Arthur Wynne katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, nao ulikuwa wa maswali ya wazi. Waingereza ndio walioufanya fumbo. Bwana mmoja, Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada kwa jina la yule mtesaji wa Hispania, alitunga miraba katika gazeti la Observer tangu 1926 mpaka alipokufa mwaka 1939. Alikuwa mtu mkali. Mwaka 1934 alitoa hadithi ya mauaji yenye kurasa 100, iitwayo Cain's Jawbone, zilizochapwa makusudi pasipo taratibu, na msomaji atakiwa azipange upya na kuwataja wauaji na waliouawa. Njia za kupanga kurasa 100 ni hesabu yenye tarakimu 158. Walioweza mwaka 1935 ni watu wawili. Kisha ikakaa hata 2020, ndipo John Finnemore, mtunzi wa michezo ya redio, alipoweza naye, katika siku zile za ugonjwa watu walipofungiwa majumbani.

Baada ya Torquemada akaja D. S. Macnutt, mwalimu kama sisi, aliyejiita Ximenes, akaishika kazi ile mpaka 1971. Huyu ndiye ninayempenda. Mwaka 1966 aliandika kitabu kuhusu sanaa hiyo, na hoja yake ni ya haki: mtunzi ana ruhusa ya kumpoteza msomaji awezavyo, lakini maneno aliyoyaweka, yakisomwa sawasawa, hayana budi kulitoa jibu. Akifanya vinginevyo, aliyeshindwa ni mtunzi. Nami nimeichukua hoja hiyo iwe kipimo changu katika yafuatayo.

Sasa, kwa nini sisi tulishindwa? Mwenzangu alisema, "Ni akili. Wenzetu wamezoea kufikiri." Akanikumbusha habari ya Januari 1942, wakati wa vita, gazeti la Daily Telegraph lilipowaita wasomaji wake ofisini London wajaribu mraba mmoja kwa dakika 12, na baadaye baadhi yao wakapokea barua za serikali, wakapelekwa Bletchley Park kufungua maandishi ya siri ya Wajerumani. "Waona," akasema, "mraba ni mizani ya akili. Mtu aliyeweza huo aliweza na vita."

Sikukubali, wala sikubali leo. Nilimwonyesha dokezo moja lililotushinda jioni tatu. Jibu lake lilikuwa jina la mto. Dokezo lilitumia neno la Kiingereza lenye maana ya ua la mmea. Lakini neno hilo, likisomwa kwa ujanja, linaweza pia kuwa "kitu kitiririkacho", na kitu kitiririkacho ni mto. Mtoto wa Kiingereza aliyelelewa katika lugha hiyo huenda akacheka na kukasirika mara moja, kisha hasahau. Sisi tuliojifunza neno hilo kwa picha ya ua ubaoni hatukuweza kulivunja, maana kwetu halina mahali pa kuvunjikia. Tumelipokea zima, kama chungu kilichonunuliwa sokoni, hatukuona udongo wake ukifinyangwa. Huo si upungufu wa akili. Ximenes angesema fumbo lile ni la haki, nami nakiri ni la haki, ila haki yake ina mipaka ya nyumba.

Ili nimpe mwenzangu ushahidi zaidi, niliandika ubaoni mbele ya darasa la saba: "Mnyama wa kukunia nazi." Watoto wa hapa wanachunga mbuzi tangu wakiwa na miaka sita. Walitaja nyani, wakataja panya, mmoja akataja mamba. Hakuna aliyetaja mbuzi, isipokuwa mvulana mmoja ambaye mama yake amezaliwa Tanga. Huyo alisema jibu hata kabla sijaiweka chaki chini, akastaajabu wenzake wakimtazama kama mchawi. Singida tuna alizeti, mtama, uwele na vitunguu. Minazi hatuna, wala kile kibao cha kukalia chenye meno ya chuma hatuna. Je, fumbo langu lilikuwa zuri au bovu? Kamusi inanitetea, maana neno limo kwa maana zote mbili. Darasa langu halinitetei. Nimelifikiri sana, na nimeona kwamba lilikuwa fumbo zuri lililotegwa mahali pasipo lake, na kosa ni la mtegaji.

Jambo hili halikuanza kwa wazungu wala kwa miraba. Tazameni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu yapata 1776 hata 1840, katika siku za Mazrui na mashindano yao na Sayyid Said. Mashairi yake yalikusanywa na William Taylor wa misheni ya CMS, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa kwa jina la Diwani ya Muyaka. Tena mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akayatoa na maelezo marefu. Mengi ni mafumbo. Husema juu ya vitu vya kila siku, na watu wa mji wakajua ni nani aliyepigwa. Mimi nimeyasoma pasipo maelezo, nikaona sauti nzuri na giza. Nikayasoma pamoja na maelezo ya Abdulaziz, nikaona mji mzima wenye hasira. Wako wanaosema ugumu huo ndio ukubwa wake. Mimi nasema hapana: ukubwa wake ni kwamba hata giza likiwapo, mizani haiyumbi na picha ya juu inasimama yenyewe. Ugumu ule uliletwa na wakati, maana Mombasa ile iliyojua majina imekwisha kuondoka.

Wengine hunitajia methali isemayo fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalitambua. Methali hii nimeifundisha miaka mingi, na sasa naitilia shaka. Mvulana wa Tanga si mwerevu kuliko wenzake. Katika hesabu ni wa nyuma kabisa.

Basi nikajiuliza, kama tungetaka fumbo gumu lililo letu, tungelijenga kwa nini? Miraba ya Kiswahili niliyoiona magazetini karibu yote imeiga umbo la Kiingereza, chumba kimoja herufi moja, na maswali yake ni ya kumbukumbu: jina la waziri, jina la mto, kinyume cha "refu". Huyapimi maneno hapo, wapima kama mtu amesikiliza habari. Lakini lipo kosa la ndani zaidi, nalo ni hizo herufi. Kiswahili hupenda kumaliza kila silabi kwa vokali, na vokali zetu ni tano tu. Maana yake, katika mraba wa herufi, karibu kila chumba cha pili ni vokali. Ukiisha kupata neno moja la kulala, lile la kusimama linalolikata hupewa "a". Umepata nini? Vitenzi vyetu vingi huishia kwa "a", na majina yetu nusu yana "a" ndani. Ni kama kuambiwa mwizi ana miguu miwili. Mwingereza akipata herufi yake ya makutano amepata kitu. Sisi tumepata pumzi tu.

Tena herufi si kitu ambacho sikio letu linakijua. Rudini kwa shangazi. Fumbo lile nilijisifu kwalo, lakini lisomeni kwa sauti: sha-nga-zi. "Anga" haimo! Ile "a" ya kwanza ni mali ya "sha", haitoki kwenda kwa jirani. Jicho linaiona, sikio linaikataa. Mzee asiyejua kusoma hawezi kulifumbua hata akiishi miaka mia, na si kwa sababu ya ujinga.

Wazee wa pwani walikuwa na mchezo wao, nao haukugusa herufi. Waliuita kinyume. Steere, aliyekuwa baadaye askofu wa Unguja, aliutolea mfano katika kitabu alichokichapa mwaka 1870. Silabi ya mwisho huwekwa mbele, na mtu aweza kusema hivyo sentensi nzima mbele ya wageni wasimfahamu. Ukiyageuza hivyo maneno ya silabi mbili, mengine hubaki sauti tupu, lakini mengine huamka yakiwa maneno mengine. Simba akigeuka ni mbasi, yaani rafiki, kwa lugha ya washairi. Ziwa ni wazi. Chapa ni pacha. Kazi ni zika, na hapo wafanya kazi wengi watacheka. Na washairi wetu, tangu kabla ya Muyaka, huhesabu mstari kwa mizani, yaani kwa silabi, na "m" ya "mtu" huhesabiwa peke yake, bali "mb" ya "mbuzi" haitengwi na vokali yake. Kanuni ipo tayari. Wajapani, ambao maandishi yao ya kana yana alama moja kwa kila silabi, hujaza miraba yao hivyo hivyo, chumba kimoja silabi moja, wala hawaoni ajabu.

Kwa hiyo nilitunga mraba mdogo kuliko yote, wa vyumba vinne, kila chumba mizani moja. Madokezo ya kulala yalikuwa mawili. La kwanza: "Mali imepinduka, shika jembe." La pili: "Paja lililobadili mwisho limepanda juu ya macho." Ya kusimama yalikuwa mawili pia. La kwanza: "Palilia nusu, geuka, toa deni." La pili: "Majira yasiyo na mwisho, na kiu imekwisha."

Nawaomba msomaji afunike fungu lifuatalo kwa mkono kama ataka kujaribu.

Mali ikipinduka ni lima. Paja likibadili mwisho ni paji, la uso. Palilia ina mizani nne; nusu yake ni "pali", nayo ikigeuka ni lipa. Majira yakikosa mizani ya mwisho ni maji. Juu yalala lima, chini yake paji; upande wa kushoto yasimama lipa, wa kuume maji. Na tazameni makutano yanavyofanya kazi: aliyepata "lima" amekwisha kujua kwamba deni linaanza kwa "li" na kiu inakatwa na kitu kinachoanza kwa "ma". Silabi ni nyingi, zapita mia, hivyo kupata moja ni kupata msaada wa kweli.

Niliusoma darasani kwa sauti, sikuuandika ubaoni. Aliyetangulia kunyosha mkono alikuwa msichana ambaye huwa nyuma katika kusoma, kiasi kwamba mwaka uliopita tulishauriana kama arudie darasa. Kwao wanapalilia alizeti kila asubuhi kabla ya shule. Alisema "lipa", akanyamaza, akadhani amekosa kwa kuwa wengine walikuwa kimya. Nilimwuliza amepataje. Akajibu kwamba hakuona chochote, alisikia tu neno likirudi. Nilirudi ofisini nikaifungua ripoti yake ya mwaka uliopita, ambayo mwandiko wake ni wangu, na penye neno la tabia ya akili nilikuwa nimeandika neno moja ambalo sasa sipendi kulisoma.

Mwenzangu hakushawishika, na haki itendeke kwake, maana hoja zake si za mzaha. Alisema vyumba vinne ni mchezo wa watoto. Kile kitabu cha Kiingereza ni mlima, na mtu hajivuni kwa kupanda kichuguu. Alisema pia kwamba kinyume kitachosha: baada ya miraba mitano kila msomaji ataanza kwa kugeuza kila neno, na fumbo litakuwa kanuni ya hesabu. Hili la pili ni kweli. Nimekwisha kujaribu mraba wa vyumba 25, na nilipofika nusu nikaona madokezo yangu saba katika kumi ni ya kupindua, nikauchana. Maneno ya Kiswahili yakihesabiwa kwa mizani ni mafupi. Majina ya mizani nne kama "mwanafunzi" hayasumbuki kupatikana, lakini hukataa kukatana. Atakayetunga mraba mkubwa na mgumu, wenye ukali wa Torquemada na haki ya Ximenes, hana budi kuchimba mahali pengine pia: katika maneno yenye maana mbili kama kaa, paa, kata na chungu, na katika viambishi, maana Kiswahili huweza kuficha mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, na hilo Kiingereza hakiwezi. Mimi sijafika huko. Nasema tu kwamba mlima upo upande wetu nao, na mwenzangu anautazama ule wa ng'ambo kwa sababu una njia iliyokwisha kukanyagwa.

Lililobaki ni aibu yangu mwenyewe. Nilipoona darasa limefurahi, nilikwenda na mraba wangu kwa babu mmoja jirani, mzee asiyejua kusoma, ambaye macho yake sasa ni hafifu. Nikamwamkia, nikaketi, nikamsomea. Alizijibu zote nne pasipo kuacha kukoboa mahindi, na ile ya paja aliicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Mwalimu, umenitegea nne kwa Kiswahili. Nami nikutegee moja kwa lugha ya kwenu." Akaniambia fumbo kwa Kinyaturu, maneno matano tu. Nayajua yote matano. Siwezi kuyaweka hapa kwa Kiswahili, kwa kuwa neno la katikati limeshikwa na maana zake mbili kwa Kinyaturu peke yake, likihamishwa hufa. Na moja ya maana hizo mbili, sina budi kuungama, mimi siijui. Niliondoka nyumbani kwenda shule ya bweni nikiwa mdogo.

Desturi ni kwamba aliyeshindwa hutoa mji, ndipo aambiwe. Nilimpa Singida, akakataa, akasema ni mji wake tangu zamani. Nilimpa Dodoma na wabunge wake wote. Juma lililopita nilimpa London. Akauliza huko wanalima nini, nilipokosa jibu la haraka akatikisa kichwa, akaniambia nirudi kesho.